Kocha wa Njia ya Marehemu

Kwenye shavu la mguu wangu wa kushoto nina kovu jembamba, na wateja huliona ninapopanda kigoda kuwatolea viatu vya juu. Nauza viatu vya mitumba Migori mjini, karibu na stendi. Wakiniuliza kovu ni la nini, nawaambia ni seng'enge. Nikisema ukweli, kwamba nilichapwa fimbo na mwalimu wangu wa mbio, nikiwa mtu mzima mwenye kitambulisho mfukoni, kwa kosa la kutembea kwenye mlima, watasema mtu huyo alipaswa kufungwa. Hapo itabidi nianze kumtetea, na kumtetea Kocha ni kazi ya kuchosha.

Hakuwa kocha wa shule wala wa chama chochote. Alikuwa mkulima wa Magunga, chini ya milima ya Gwasi, mwenye mtama wake, mahindi yake na jozi ya maksai wa kulimia. Alfajiri na jioni alikuwa na sisi, kikundi cha vijana, wengi wa Magunga kwenyewe na wachache tuliotoka mbali. Mimi nilitoka Karungu, pwani ya ziwa, ambako nilikuwa nikiwashinda wasichana wote kwenye mchanga na kujiona mkimbiaji. Nilisikia kuna mtu kule milimani anayetengeneza watu wa mbio. Nilitaka mbio zinipeleke jeshini, nikahamia kwa shangazi yangu Magunga na begi moja.

Makocha ninaowaona kwenye runinga husimama kando ya uwanja na saa mkononi. Wetu alikimbia nyuma yetu na fimbo ya mpera. Ukiisikia pumzi yake kisogoni, ujue umebakiza hatua chache. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana na sikio moja lililochanika, na alipanda mlima akiongea, jambo lililotuuma zaidi ya fimbo yenyewe.

"Hii mlima haina huruma," alikuwa akisema, "na mimi ni shemeji yake."

Siku moja nilimwambia nimechoka, kifua kinauma, nitakufa. Akanisogelea, akanitazama usoni kwa makini kama daktari. "Mtu wa kufa haongei hivyo," akasema. "Mtu wa kufa anaongea kidogo." Kisha akanichapa, na ndilo hilo kovu. Sikuwahi kumsamehe kovu hilo. Nilifika juu mbele ya wavulana wote, na hilo pia sijamsamehe.

Hakuna njia ya Kocha iliyoitwa kwa jina la mahali. Kila njia aliipa jina la kile kilichomwaga damu pale. Njia ya Seng'enge ilifuata ua wa mbuga ya Ruma, na aliipenda kwa sababu upande mmoja kulikuwa na nyati na upande wa pili kulikuwa na yeye. Njia ya Nyuki ilipita kwenye mapango ambako mmoja wetu alivimba uso hadi mama yake akamkana mlangoni. Njia ya Mbwa ilipanda nyuma ya duka la bwana mmoja mrefu, mwenye jibwa la manjano lililokuwa likijifungua mnyororo siku ya Jumamosi, siku yetu ya kupita. Jibwa hilo lilimkamata msichana wa kundi letu paja, likang'ang'ania. Kocha alilishika miguu ya nyuma, akalizungusha, akalitupa korongoni. Mwenye duka akatoka na rungu. Waligaagaa njiani mbele yetu, wazee wawili wenye wajukuu, wakipigana ngumi kwenye kinyesi cha ng'ombe, hadi mke wa mwenye duka akawamwagia maji ya kuoshea vyombo.

Jioni ile Kocha alimwita mkewe, ambaye sisi wote tulimwita Mama, akampa kuku jike aliyefungwa miguu ampelekee mwenye duka.

"Nimwambie ni ya nini?" Mama akauliza.

"Mwambie imepotea njia."

"Imepotea njia ikiwa imefungwa miguu?"

"Wewe peleka tu!"

Na hapa nikisema jambo kuhusu kuku, watu wa Magunga watathibitisha. Mtu huyu aliyemtupa mbwa korongoni hakuweza kumchinja kuku. Mgeni akija, na kuku akihitajika, Kocha alichukua jembe akaenda shambani hata kama mvua inanyesha. Mama alichinja, akanyonyoa, akafukia manyoya, na alipokuwa amemaliza alipiga kelele, "Rudi, baba, amekuwa mchuzi!" Tulicheka sana. Hatukujiuliza kwa nini mwanamume mzima ahangaike hivyo na koo la kuku.

Sheria yake kubwa haikuwa ya mwendo wala ya chakula. Ilikuwa ya kelele. Ukipita boma lolote alfajiri, ni lazima upaze sauti useme wewe ni nani na ni wa wapi. Kwetu watu hupenda kujisifu kwa majina ya kujipamba, kwenye ngoma, kwenye pombe, hata msibani, na Kocha alimpa kila mmoja wetu jina la kupigia kelele. Langu lilikuwa "Nyar Karungu," yaani binti wa Karungu, "samaki wa kupanda mlima!" Basi nilipanda huku nikihema na kupiga kelele za samaki, na bibi kizee mmoja wa Njia ya Seng'enge alinijibu kila siku kutoka jikoni, "Pita, samaki, usinitishie kuku!"

Sababu ya sheria hiyo kila mtu wa huko anaijua. Ng'ombe huibwa. Unalala na ng'ombe, unaamka na kamba. Anayegundua hupiga nduru, ile sauti kali ya mkono mdomoni, na jirani akiisikia huipokea, na mwingine huipokea, hadi kilima kizima kinalia na wanaume wametoka na mapanga. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayetembea alfajiri ni jirani anayekwenda sokoni. Anayekimbia kimya ni mwizi, na hakuna atakayemsimamisha kumuuliza kama anafanya mazoezi.

"Mkifa kwa mlima nitawazika," Kocha alituambia. "Mkifa kwa panga ya jirani, mimi nitaambia mama zenu nini?"

Hilo ndilo alilolihofia, na alilihofia kila alfajiri: kwamba siku moja atampeleka mtu mbioni na kumrudisha kwenye blanketi. Sisi tulidhani ni uoga wa uzee.

Kisha akaja kijana kutoka Nakuru, tukamwita Nakuru. Alikuwa na miguu mirefu, kofia ya sweta, na Kidholuo cha kuokoteza. Alikuwa na kasi kuliko sisi wote. Kupiga kelele alikataa.

"Mimi si makanga wa matatu," alisema. "Hizo mambo za kujiita samaki ni zenu."

Kocha alimchapa, akakataa. Akamchapa tena, akakataa akicheka. Asubuhi moja Nakuru alitangulia peke yake, kofia kichwani, kimya. Hakujua kwamba bondeni ilikuwa imegunduliwa kwamba ng'ombe wa mjane hayupo. Mwanamke aliyekuwa akienda kisimani akaona mwanamume mgeni akikata mashamba kwa mbio. Akapiga nduru.

Tulikuwa juu ya kilima tulipoisikia. Ilianzia chini, ikapokewa kushoto, ikapokewa kulia. "Jakuo! Jakuo!" Mwizi, mwizi. Nikamwona Kocha akitupita. Miezi yote ile alikuwa nyuma yetu, sikuwahi kujua mwendo wake. Alishuka ule mteremko akiruka mawe, bila kushika chochote, na hakuna kati yetu aliyemkaribia.

Tulipofika, Nakuru alikuwa amelala kifudifudi kwenye mahindi, mfupa wa bega umevunjika, damu inamtoka sikioni, na Kocha amesimama juu yake miguu huku na huku. Alikuwa akichapa kila kitu kilichosogea. Alimchapa jirani yake wa shamba. Alimchapa shemeji yake, kaka wa Mama, mtu waliyekula naye jana yake. "Ni wangu!" alikuwa akinguruma. "Huyu ni wangu! Mtoto wangu!" Rungu lilimpata mdomoni, nikaona meno yakitoka na mate mekundu, na bado fimbo haikushuka. Ilibidi sisi wote tumzunguke Nakuru tukipiga kelele majina yetu ya kipumbavu, mimi nikipaza sauti ya samaki huku nalia, ndipo wanaume wakatutambua, wakashusha mapanga mmoja mmoja.

Wakaanza kusema pole. Ilinichukiza pole hiyo, wanasema pole na bado mapanga yamo mikononi. Kocha aliwapa mgongo. Alikwenda kando ya njia, akapiga magoti, akatapika.

Mchana, Nakuru alipokuwa amepelekwa hospitali ya Homa Bay, tulikaa kwa Kocha huku Mama akimwosha mdomo kwa maji ya chumvi. Hapo ndipo alipotuambia kuhusu Njia ya Marehemu. Ilikuwa njia ndefu kuliko zote, iliyopanda mlima wote na kushukia korongoni, na ndiyo pekee ambayo juu yake hakutuchapa wala hakuongea. Tulidhani ni kwa heshima ya makaburi. Makaburi hayakuwepo.

"Nilikuwa kijana," akasema, na maneno yalitoka vibaya kwa sababu ya meno. "Hapa mimi ndio nilikuwa na mbio. Nduru ikilia, watu wanauliza, yule ametoka? Nikitoka wanajua mwizi ameshikwa. Nilikuwa mbwa yao. Asubuhi moja ikalia, nikafuata mtu mpaka huko korongoni. Alikuwa na mbio, huyo mtu. Nilitoka jasho mpaka machoni. Nikamshika shati. Akaniambia, omera, ndugu yangu, ngoja niseme. Mimi nikampiga."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu alikuwa amenichosha."

Mama aliacha kuosha. Nadhani hata yeye hakuwahi kulisikia hilo la kuchoshwa.

"Nilimpiga moja tu," Kocha akaendelea. "Wenzangu wakafika, wakaona mimi nimepiga. Hakuna mtu aliuliza kitu. Kama ningesimama tu, wangesimama. Nilipiga, wakapiga. Yeye alikuwa anaenda Homa Bay kutafuta kazi. Alikimbia kwa sababu sisi tulikimbia. Hiyo ng'ombe tuliipata mchana, inakula viazi ya mtu."

Hakuna aliyefungwa. Walimzika, wakamtafuta baba yake, wakampata, na baba yake alikuja akalala usiku mmoja tu, akaondoka bila kula. Kocha alikuwa akitusimulia huku akitazama mikono yake, na sisi tulikuwa tukitazama chini.

"Ndiyo sababu nawakimbiza," akasema. "Medali ni yenu, mkipata mtanionyesha. Mimi nataka hapa kuwe na watu wa kufika kwanza. Mtu akifika kwanza na asipige, hao wengine watasimama. Hiyo tu."

Nilikasirika. Nilitoka Karungu kutafuta jeshi, sasa naambiwa nimekuwa nikichapwa miezi yote ile ili niwe askari wa Magunga bila sare. Nilisimama, nikamuuliza mbele ya wote: kama kupiga ndiko kunakomtesa hivyo, kwa nini anatupiga sisi?

Alifikiri. Nampa sifa hiyo, alifikiri kweli.

"Sijui njia ingine ya kukimbiza mtu," akasema. "Mimi mwenyewe nilichapwa. Ukijua ingine, niambie."

Niliondoka nimefura, na kesho yake alfajiri nilirudi. Yeye alikuwa pale na fimbo ileile, mdomo umevimba kama mkate. Hakunichapa wiki nzima. Wiki iliyofuata akaanza tena. Sijui wengine husimuliaje watu waliobadilika baada ya kutubu, mimi Kocha wangu alitubu na hakubadilika.

Usidhani nyumba yake ilikuwa ya majonzi, maana palikuwa na vichekesho vya kuvunja mbavu, na safari moja mbavu zilivunjika kweli. Mzee mmoja maarufu wa kule alifariki, na wanaume wakaandaa tero buru. Hapo ng'ombe hutolewa, watu hujipaka udongo, huchukua mikuki na marungu, na wote hukimbia hadi mpakani kukifukuza kifo kitoke kijijini. Ni vita vya kuigiza, ila ng'ombe hawajui kwamba ni maigizo. Kocha aliona ni mazoezi ya bure, akatuamuru tukimbie nyuma ya mafahali. Wanawake kwa kawaida hawaendi huko. Wazee walipolalamika kuhusu sisi wasichana, akawaambia kifo hakiulizi nani anakifukuza. Katikati ya mbio fahali mweusi aligeuka, akamwingiza Kocha pembe chini ya mbavu, akamrusha juu ya ua wa mnyaa. Tulisimama tukipiga mayowe. Kocha akatokeza upande wa pili wa ua, utomvu mweupe usoni, jicho moja limefunga, anahema kwa shida.

"Nani amesimama?" akafoka. "Nani amewaambia msimame?"

Tukakimbia hadi mpakani. Yeye alifika akiwa ameshika ubavu, akakifokea kifo matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Jeshi sikulipata. Nilipata mume, kisha watoto, kisha duka, na mwili wa mwanamke anayeketi. Nakuru bega lilipona, akarudi kwao, na hajawahi kukanyaga tena Magunga, wala simlaumu. Kwa miaka mingi nilimwona Kocha mara mojamoja tu, msibani au sokoni. Kila mara alinitazama tumbo kwanza, kisha uso.

Mwaka uliopita, likizo ya Agosti, nilimpelekea gunia la viatu vya kukimbilia. Nilikuta amezeeka. Goti la kulia lilikuwa limevimba, alikuwa akilipaka mafuta ya moto na kulifunga kitambaa, na wakimbiaji wake walibaki wachache kwa sababu wavulana wamehamia kwenye bodaboda. Alivikagua vile viatu kimoja kimoja akitafuta kasoro, akazipata. Nililala kwao.

Nilizinduliwa na nduru. Ilikuwa karibu mno, nje ya dirisha langu, na ilikuwa sauti ya Mama.

Nilitoka nikiwa na leso tu juu ya gauni la kulalia. Lango la boma lilikuwa wazi, kamba zimekatwa, na maksai wawili hawakuwepo. Msimu wa kulima ulikuwa mlangoni, na bila maksai nyumba ile haikuwa na chakula cha mwaka unaofuata. Nduru zilikuwa zimeshapokewa juu mlimani. Nikamwona Kocha akitoka nyumbani, kifua wazi, na panga mkononi.

Nilikuwa nimemjua miaka mingi na sikuwahi kumwona ameshika panga mbele ya watu. Uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Niliogopa, nasema wazi, na sikumwogopea mwizi peke yake. Kwa desturi ya pale, wuon dhok, yaani mwenye ng'ombe, ndiye huanza. Mwizi akishikwa hushikiliwa hadi mwenye mali afike, na pigo la kwanza likitoka kwake, hakuna tena wa kuhesabu.

"Wamepita upande wa seng'enge," akasema, akitazama nyayo. "Kimbia."

"Mimi? Kocha, nitazame!"

"Nimekuangalia. Kimbia! Fika kwanza. Usimguse, na mtu asimguse mpaka mimi nifike."

Sikuuliza akifika atafanya nini. Nilikimbia. Nilikimbia na leso, na kandambili nikazitupa, na mwili wangu wa dukani ukipiga kelele kila mahali, lakini miguu iliikumbuka njia ile kila jiwe. Wanaume wa bodaboda walizunguka barabarani. Wa miguu walinipigia kelele nipishe. Sikupisha. Nilikata juu ya kilima, nikashuka upande wa pili, na kwenye kijito kabla ya ua wa mbuga nikawaona maksai wamesimama majini wanakunywa, na kijana mmoja ameketi kwenye mawe ameshika kifundo cha mguu. Wenzake walikuwa wameshamwacha.

Aliokota jiwe. "Mama, wacha nipite."

"Upite uende wapi na huo mguu? Ukisimama watakuua. Lala chini, uweke mikono nione!"

Alilia, akalala. Nilisimama karibu naye nikihema hadi nikaona nyota. Wanaume wakatokeza kilimani, kwanza wawili, kisha wengi. Wa mbele alikuwa yule shemeji wa Kocha aliyewahi kuchapwa kwa ajili ya Nakuru. Panga lilikuwa juu tayari.

"Mngojeni mwenye ng'ombe!" nikapiga kelele. "Ni ng'ombe ya Kocha! Nani ataanza kabla yake? Wewe ni nani uanze?"

Hilo liliwashika. Walituzunguka, wakatema mate, wakamtukana kijana na mama yake, mmoja akampiga teke la mguu mbaya. Lakini walingoja, maana desturi ni desturi hata kwa watu wenye hasira.

Kocha alikuja akiburuta goti, anashikilia vichaka. Watu wakampa nafasi. Alisimama juu ya kijana akamtazama. Akawatazama maksai wake. Kisha akatupa panga majini, akainama, akamshika kijana kola, akampiga ngumi ya mdomo, na nyingine ya sikio, kwa nguvu zake zote. Nilisikia jino. Watu wakanguruma, mapanga yakapanda. Nikasema moyoni, ameshaanza, amemwua huyu naye, na nilimchukia Kocha pale kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Ndipo akajiangusha. Alimlalia kijana mwili mzima, kifua juu ya mgongo, akakizungushia kichwa cha yule mtoto wa watu mikono yake yote miwili.

"Yangu nimemaliza!" akapiga kelele, uso wake kwenye matope. "Nimempiga yangu! Imetosha! Anayetaka zaidi anikate mimi!"

Panga la shemeji yake lilikuwa limeshaanza kushuka. Lilipita kwenye mkono wa kushoto wa Kocha, na vidole viwili vikabaki kwenye mawe. Shemeji akavitazama, akaachia panga, akaanza kulia kama mwanamke aliyefiwa. Hakuna aliyepiga tena. Wanaume walisimama pale wakitazama damu ya Kocha ikiingia kijitoni, na mmoja, sijui kwa nini, akaenda kuwatoa maksai majini.

Nilimfunga Kocha mkono kwa leso. Gari la polisi lilipofika lilikuwa moja tu, na hospitali iko mbali, kwa hiyo walipakiwa wote wawili nyuma, kijana na pingu zake, Kocha na mkono wake, na mimi katikati nikiushikilia juu. Barabara ilikuwa mbovu. Kila gari liliporuka, Kocha alitoa sauti ndogo puani. Sikuweza kuzuia machozi, na sikujali ni nani ananiona.

Tulikuwa tumefika lami kijana aliponyanyua uso. Mdomo ulikuwa umepasuka.

"Asante, baba," akasema.

"Usiniite baba. Mimi si babako." Kocha aliongea macho yakiwa yamefungwa. "Nikishonwa hii mkono nitakuja kortini. Nitasimama hapo mbele niseme ni wewe, na ng'ombe ni yangu, na ulishikwa nayo. Utafungwa. Unasikia? Utafungwa miaka. Lakini utafungwa ukiwa mzima."

Kijana akaanza kulia kwa sauti. Kocha alifungua macho, akamtazama.

"Na sogea," akasema. "Umenikalia goti."